Miche imekauka na wananchi hawajali: tuongeze posho?

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira. Mwaka jana tulipanda miche kwenye mlima ulioisha miti kwa mkaa. Watu walijitokeza kwa wingi kwa kuwa walilipwa posho ya kutwa. Fedha zilipokwisha hawakurudi. Mbuzi walikula miche, moto wa kiangazi ukamaliza iliyobaki. Wananchi hawajali kabisa. Sasa wafadhili wanataka kutuletea miche mingine kabla ya mvua. Tuwashirikishe vipi ili safari hii miti isimame? Tuongeze posho?

JIBU: Hapana, ndugu katibu, msiongeze posho. Na ikiwezekana, waombeni wafadhili wasubiri msimu mmoja.

Hilo la kusema wananchi hawajali nakupinga. Nimefanya kazi ya misitu miaka mingi, na watu wasiojali kuni, maji na malisho yao sijawakuta. Mtu aliyelipwa kuchimba shimo alichimba shimo, kazi yake ikaisha. Barua yako haisemi miti ile ingekuwa ya nani. Ikikua, nani ataruhusiwa kukata nguzo? Nani ataweka mizinga ya nyuki? Mlima ukifungwa, mwenye mbuzi atalisha wapi? Kama maswali haya hayakujibiwa mbele ya watu wote, basi hamkumshirikisha mtu.

Tazama yaliyotokea Niger. Huko mti uliojiotea shambani ulihesabiwa kuwa mali ya serikali, na mkulima aliyeukata aliweza kupigwa faini. Nani angeulea? Mwaka 1983, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, ambaye miradi ya kupanda miche ilikuwa ikimshinda katika eneo la Maradi, aligundua kwamba vile vichaka vilivyotapakaa mashambani ni machipukizi ya visiki ambavyo mizizi yake ingali hai. Wakulima wakaanza kuchagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kila kisiki na kupogoa mengine. Usimamizi wa ile sheria ulipolegezwa, wakajiona wenye miti, na njia hiyo ikaenea kwa jirani kumwonyesha jirani. Leo inakadiriwa kuwa hekta milioni 5 hivi zimerudi kuwa na miti, karibu zote bila kitalu.

Shinyanga, Tanzania, ni mfano unaonigusa zaidi. Miti ilifyekwa huko ili kumaliza mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba, hadi ardhi ikabaki wazi. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulipata nguvu ulipoushika utaratibu wa Wasukuma wenyewe: ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Mfugaji alilinda kwa sababu nyasi zilikuwa zake, na miti ikarudi pamoja na nyasi. Sheria zilitungwa kwenye mkutano wao wa jadi, dagashida. Ngitili zilizokuwa zimebaki hekta mia chache zilifika zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kwa hiyo pandeni mlima, lakini msibebe miche. Nendeni na wachoma mkaa, wachungaji na wanawake wanaosenya kuni. Wasikilizeni kila kundi peke yake kwanza, maana mbele ya wenye mifugo mingi maskini hunyamaza. Msiwafukuze wachoma mkaa; hakuna anayejua kuliko wao ni mti gani huchipua upesi baada ya kukatwa. Kwaruzeni magome ya visiki kwa kisu: pakionekana ubichi, mna msitu tayari chini ya miguu yenu, unachohitaji ni kupumzishwa.

Kisha fungeni sehemu moja tu, ile watakayoichagua wao, nyingine ibaki wazi kwa mbuzi. Mkubaliane nyasi zitakatwa lini na kubebwa, matawi yatapogolewa lini, faini ni kiasi gani na inaingia mfuko upi. Hili la mfuko msiliharakishe, kwani nimeona kamati nzuri zikivunjika hapo. Makubaliano yaandikwe kuwa sheria ndogo na yatambuliwe na mamlaka husika, la sivyo mgeni mwenye kibali kutoka juu atakuja kuvuna mlichokilinda.

Miche ipandwe mahali pasipo na visiki hai, kama kandokando ya chemchemi, na iwe ya aina ambayo watu wameiomba. Waelezeni wafadhili wazi kwamba mnataka kazi yenu ipimwe kwa miti itakayokuwa imesimama mwaka wa tatu. Fedha za miche zilipie vikao, alama za mipaka na mizinga.

Posho ibaki kwa kazi nzito, kama kufyeka njia za kuzuia moto kabla ya kiangazi, na kiwango chake kitangazwe kwenye mkutano wa wote, pamoja na majina ya waliolipwa.