Re: Narmer na Menes ni mtu mmoja au wawili?

Mambo mkuu, nimekusoma, umekwama kwa sababu orodha moja inaanza na Menes nyingine inaanza na Narmer, sasa hujui nani hasa alianzisha Nasaba ya Kwanza ya Misri. Hata mimi ilinisumbua mpaka nilipoacha kulinganisha majina nikaanza kuangalia kila orodha iliandikwa lini, anzia hapo. Menes tunampata kwa Manetho, kuhani wa karne ya 3 KK, na hekalu la farao Seti I kule Abydos, Misri, limeandika Meni (ndo Menes huyohuyo), zote zimekuja zaidi ya miaka 1,500 baadaye. Ila mihuri ya makaburi ya Abydos, ya wafalme Den na Qaa, ni ya enzi za nasaba hiyohiyo, na inaanza na Narmer, anafuata Aha. Kwangu mimi hiyo ndo imemaliza kazi, Narmer ndo wa kwanza.

Kile kibao cha mji wa kale wa Nekhen kinachomwonyesha Narmer na taji jeupe la kusini halafu jekundu la kaskazini usikichukulie kama ripoti ya vita, wafalme nao walikuwa na mbwembwe zao bana. Wanaosema Aha ndo Menes wanashikilia kipande cha pembe ya ndovu cha Naqada chenye jina lake na alama ya "mn" pembeni, wanayoisoma kama Meni, hapo wataalamu bado wanazozana.