Uchumi kwanza, lakini uzazi salama ni bajeti pia

Ndugu yangu, umeuliza kama wagombea wetu hapa Lamu waache habari ya utoaji mimba, wanadi sera za uchumi tu. Mimi naunga mkono uchumi utangulie, maana huo wana uwezo nao. Kifungu cha 26 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kishakataza kutoa mimba, isipokuwa mtaalamu wa afya akiona pana dharura, au uhai ama afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Kukibadilisha kwahitaji kura ya maamuzi, si mwakilishi wadi. Marekani ni kwingine: tangu 2022 Mahakama ya Juu iliporudisha suala hilo kwa majimbo, mgombea hana budi kusema msimamo wake.

Lakini hospitali zetu ziko chini ya kaunti. Mama akitokwa na damu usiku kule Faza, kisiwani Pate, akahitaji rufaa, ni boti itakayomvusha hadi Lamu mjini, na boti yataka mafuta na nahodha aliye macho. Hapo ndipo pa kumbana mgombea, hasa huyu anayepaza sauti jukwaani kuhusu mimba: ametenga shilingi ngapi za mafuta hayo? Asipojibu, kura yangu haipati.