Jibu: Njaa na vita, kipi hutangulia?

Ndugu, umeuliza kama njaa huzaa vita au vita huzaa njaa. Mimi niko Amu, yaani Lamu, pwani ya Kenya, na huku nimeona zaidi hilo la pili. Juni 2014 Mpeketoni, mji wa huku kwetu Lamu, uliposhambuliwa, wakulima walikimbia, mahindi yakabaki shambani. Ikaja kafyu, wavuvi wakazuiwa kutoka usiku. Sasa jarife, wavu wa kutega, utalitega saa ngapi, adhuhuri samaki akiliona? Sokoni kwetu hakuna risasi iliyolia, lakini fungu la samaki lilipungua.

Njaa pekee sijaiona ikishika bunduki. Kijana aliyenyimwa bahari na shamba, huyo hushawishika.

Na si lazima vita viwe jirani. 2022 walipigana Ukraine, unga wa ngano ukapanda hapa, mahamri yakawa madogo kama kokwa za mti wa mkoma.