Kabla hujapasua pipa la pili

Kinu changu cha kwanza cha umeme wa upepo kilikuwa pipa la mafuta la lita 200. Nililipasua kwa urefu, nikachomelea nusu zake mbili kwenye bomba lililosimama wima, moja ikitazama huku na nyingine kule. Ukikiangalia kutoka juu unaona herufi S. Umbo hilo alilibuni Sigurd Savonius, Mfini, miaka ya 1920. Kwa upepo wa Singida nilitegemea makubwa. Kikazunguka, ndiyo, ila ukikigusa kwa kidole kinasimama.

Nikafanya wanachofanya wengi: nikapasua pipa jingine, nikaongeza panga la tatu (panga ni ile nusu ya pipa inayosukumwa na upepo). Kuanza kilianza kirahisi zaidi, lakini nguvu ikashuka, maana panga la tatu linawakinga wenzake upepo. Baki na mawili.

Kosa langu lilikuwa katikati. Kingo za ndani nilizichomelea kwenye bomba, pakazibika kabisa. Mapanga yanatakiwa yapishane na kuacha mwanya wa asilimia 15 hadi 20 ya kipenyo cha pipa. Kwa pipa la sentimita 58, hiyo ni kama sentimita 9 hadi 12. Kazi ya mwanya ni hii: wakati panga moja linasukumwa, jingine linarudi likipigana na upepo, na hilo linalorudi ndilo linalokula faida yako. Upepo uliojaa kwenye panga la kwanza ukipata pa kupenya, unaingia tumboni mwa hili la pili na kulisaidia kurudi. Bomba nene likipita hapo linaziba njia, kwa hiyo mimi sasa shafti, yaani lile bomba la kuzungukia, naikomesha kwenye vifuniko vya juu na chini, haipiti katikati.

Na vifuniko vyenyewe usivipuuze! Visipokuwepo, upepo unamwagika juu na chini kabla haujafanya kazi. Kata duara mbili za plaiwudi, kipenyo mara 1.1 ya upana wa kinu. Zangu zilifika sentimita 115 hivi. Baada ya hapo sikuthubutu tena kuweka kidole.

Kikigoma kuanza upepo ukitoka upande fulani, jenga ghorofa mbili za mapanga, ya juu igeuzwe nyuzi 90. Kupinda mapanga kama parafujo kunalainisha mzunguko, ila kwa bati la pipa ni mateso matupu. Mapanga membamba ya kinu alichobuni Mfaransa Georges Darrieus yana ufanisi mkubwa zaidi, lakini mara nyingi hayaanzi yenyewe, na yanadai vipimo ambavyo grenda yangu haiviwezi.

Usimwahidi mtu friji. Kinu cha pipa moja, upepo wa mita 5 kwa sekunde, ukipata wati 12 shukuru: ni simu na taa za LED. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nishati inapanda mara nane, kwa hiyo nyanyua mlingoti upite miti na mapaa, na weka breki kabla ya dhoruba ya kwanza.