Mzee Santuri Anajibu: Minong'ono ya Kifini

SWALI: Shikamoo Mzee Santuri. Mpwa wangu amenitumia muziki kutoka Finland. Hakuna ngoma wala gitaa, ni mvumo mzito usiokatika, na juu yake mwanamke ananong'ona Kifini kwa mbali kama yuko ndani ya kisima. Anasema ni ambienti ya giza. Mke wangu aliposikia akaniamuru nizime, eti ni maombi ya mashetani. Je, huu ni muziki kweli? Na mke wangu ana sababu ya kuogopa? – Mwenye Mashaka

JIBU: Marahaba. Nianze na mkeo, kwa sababu naona amesikiliza kwa makini kuliko wewe. Wafini wa kale waliamini kabisa kwamba wimbo hutenda kazi. Katika Kalevala, tenzi ambazo daktari Elias Lönnrot alizikusanya vijijini na kuzichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1835, kijana Joukahainen anamchokoza mzee Väinämöinen. Mzee hachomoi upanga, anaimba tu. Kijana anazama kwenye kinamasi, na haachiliwi mpaka aahidi kumwoza mzee dada yake. Wapo wanamuziki wa leo wanaochota humo makusudi. Halo Manash, kwa mfano, wa lebo (kampuni ya kutoa muziki) ya Aural Hypnox ya mjini Oulu, huujenga muziki wao kama ibada ya kale. Kwa hiyo mama hakuota.

Ila kwa mashetani nampinga. Mtafutie kundi la Paavoharju kutoka Savonlinna, albamu yao ya mwaka 2005 inayoitwa Yhä hämärää. Humo mna mikwaruzo, sauti za kike zilizofunikwa na mwangwi, vinanda vinavyosikika kana kwamba kanda ililowa maji. Ukiifungua taa zikiwa zimezimwa, nywele zitakusimama. Waliolianzisha kundi hilo ni ndugu wawili, Wakristo waliookoka. Mwambie mkeo hivyo halafu uniandikie amesemaje.

Kuhusu kama ni muziki: ndiyo, na usimwonee haya mtu yeyote. Mwanamuziki Mwingereza Brian Eno ndiye aliyelitia jina la ambienti midomoni mwa watu mwaka 1978, kwa albamu aliyoitungia viwanja vya ndege. Alitaka muziki unaoweza kusikilizwa au kupuuzwa. Wale wa giza waliichukua mbinu yake wakaiondolea faraja: noti moja ya chini inavutwa dakika kadhaa, mwangwi unarefushwa hadi hujui chumba kina ukubwa gani, na melodia, ikiwepo, inakuja vipandevipande. Sikio linakosa pa kushika. Hofu ya mkeo, kwa maoni yangu, imetoka hapo hasa: masikio yake yalikuwa yakitafuta mlango.

Sasa huo mnong'ono. Usiuone kama wimbo ulioharibika. Kifini huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya kila neno, wakati sisi tunauweka kwenye ya pili kutoka mwisho. Neno linaanza kwa uzito kisha linafifia, na mtengenezaji akitia mwangwi, huo mkia ndio unaoelea. Tena lugha yenyewe inatofautisha irabu fupi na ndefu, kwa hiyo mwimbaji anayevuta irabu hafanyi jambo geni kwa wenzake. Na kurudiarudia nako hakukuletwa na kompyuta. Nyimbo za kale za Kifini zilighaniwa kwa mistari ya mizani nane, kama utenzi wetu, kwa melodia ya noti chache, mara nyingi tano tu, nazo ziliweza kuendelea hadi usiku mkubwa. Ukizisikia rekodi za wazee wale, utaona tofauti na huu wa sasa ni umeme zaidi kuliko roho.

Na umeme huo wanao kitambo. Erkki Kurenniemi alianzisha studio ya muziki wa kielektroniki katika Chuo Kikuu cha Helsinki mwaka 1962 na akawa anabuni ala zake mwenyewe. Baadaye mji wa Turku ukatoa kundi la Pan Sonic, wanaume wa mashine tupu. Albamu yao ya Kesto ya mwaka 2004 ni diski nne, karibu saa nne kwa jumla, na diski ya mwisho ni kipande kimoja cha saa nzima. Naiheshimu. Siipigi wageni wakiwepo.

Wewe anza kwa Islaja, mwimbaji wa kike wa Kifini, albamu ya Meritie ya mwaka 2004. Si ambienti tupu, imechanganyika na nyimbo za kienyeji zilizopindapinda, lakini sauti yake iko karibu na kipaza sauti hivyo utamsikia mtu kabla hujausikia moshi. Kisha mwenzake, Lau Nau. Paavoharju baada ya hapo.

SWALI: Mzee, ni kweli giza la muziki huu linatokana na majira yao ya baridi? – Mdadisi

JIBU: Wauzaji hupenda kusema hivyo. Kule Utsjoki, kaskazini kabisa, jua halichomozi kwa siku 50 hivi. Lakini kiangazi hukohuko halitui kwa siku 70 hivi, na sijasikia mtu akidai kuwa muziki wake umetokana na jua hilo. Lustmord, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa waasisi wa ambienti ya giza, anatoka Wales, na huko jua huchomoza kila siku ya mwaka, hata likifichwa na mawingu.

SWALI: Nimesikiliza kwenye simu nikasikia kama feni tu. Kasoro ni yangu? – Fundi Mchovu

JIBU: Ni ya spika. Spika ya simu ni ndogo mno kuitoa besi, na katika muziki huu besi ndiyo sakafu. Ukiikosa unabaki na vumbi la juu, yaani hiyo feni yako. Vaa hedifoni zinazofunika sikio zima, au unganisha redio yenye spika kubwa, usiweke sauti juu sana, na uanze mwanzo wa albamu. Ukifika dakika ya ishirini bado ni feni, basi achana nayo, rudi kwenye dansi.