Jibu: Kuingia kwenye usalama wa vipandikizi vya mifupa ukiwa Mombasa
Salaam, ndugu yangu. Umeuliza kama diploma ya uhandisi wa vifaa vya tiba yatosha kukuingiza kwenye utafiti wa vipandikizi, yaani vyuma na viungo bandia vinavyowekwa mwilini, bila kuihama Mombasa. Kwa kuanzia, yatosha.

Kwanza nenda hospitali iliyo karibu nawe uulize kama stika ya kipandikizi hubandikwa kwenye faili la mgonjwa. Ndiyo yenye namba ya kundi la kiwandani, inayoonyesha kipandikizi kilitengenezwa pamoja na vipi vingine. Mimi nilianzia hapo, kupanga mafaili, na yaliyokosa stika yaliniuma sana: chuma kikivunjika pajani mwa mtu, utajuaje nani mwingine anacho? Nyonga bandia za aina ya ASR zilipoondolewa sokoni mwaka 2010, zile za chuma kusuguana na chuma zikiacha kobalti na kromiamu mwilini, bila namba hizo hospitali haingejua imwite nani. Ndiyo maana kumbukumbu ni muhimu: Sweden wana daftari la kitaifa la magoti bandia tangu 1975.

Usiku soma ISO 14971, kiwango cha kimataifa kuhusu kudhibiti hatari za vifaa vya tiba. Jifunze pia kuripoti tukio, kama kipandikizi kuvunjika, kwa Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya. Shahada itafuata. Kiwandani sijafanya kazi, lakini ya wodini niulize wakati wowote.