Kamera ndogo: megapikseli 64 za boksi jipya, au 20 za mtumba?

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Tabata, na kupiga picha ndiyo starehe yangu ya wikiendi: soko la samaki la Feri asubuhi, Coco Beach jioni, na mitaa ya Kariakoo nikipata nafasi. Simu imenichosha, nataka kamera ndogo inayoingia kwenye pochi. Nina milioni moja na laki mbili. Kariakoo nimeonyeshwa mbili. Ya kwanza ni mpya, jina lake silifahamu, boksi limeandikwa megapikseli 64 na zumu mara 16, laki mbili na nusu. Ya pili ni Sony RX100 III iliyotumika, megapikseli 20 na zumu mara tatu tu, milioni moja na laki moja. Muuzaji anasema mpya inaizidi kwa kila kitu. Nichukue ipi? Na ile ya mtumba nikague nini?

JIBU: Salama, Mwalimu. Chukua Sony, lakini usitoe hela kabla hujaishika mkononi na kuipima.

Tuanze na hiyo 64. Kamera za aina hiyo, zisizo na jina, mara nyingi zimewekwa sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuunda picha) ya kiwango cha simu ya bei poa, yenye megapikseli, yaani mamilioni ya nukta, chache kuliko zilizoandikwa kwenye boksi. Pengo linajazwa na programu: inakisia rangi ya nukta mpya kwa kuangalia nukta za jirani. Faili linakuwa zito, memori kadi inajaa upesi, na picha haijaongezeka hata unywele mmoja. Na ile zumu yake unaweza kuihakiki dukani hapohapo. Soma pete iliyozunguka kioo cha lenzi. Kwenye RX100 III utakuta 1.8-2.8 na 8.8-25.7. Hizi namba mbili za mwisho ni urefu wa lenzi kwa milimita, pale inapoanza kuvuta na pale inapoishia. Kama kwenye ile mpya utakuta namba moja tu ya milimita, lenzi yake haivuti chochote. Hiyo "zumu mara 16" ni kukata kipande cha katikati ya picha na kukitanua, jambo ambalo simu yako inalifanya bure.

Na 20 zinatosha? Picha ya RX100 III ina nukta 5472 kwa 3648, yaani karibu milioni 20. Ukiisafisha studio kwa nukta 300 kila inchi, unapata karatasi ya karibu sentimita 46 kwa 31, inayozidi A3. Sidhani ukutani kwako Tabata pana nafasi ya kubwa zaidi ya hiyo.

Shida ya picha za Feri alfajiri ni mwanga, na hapa ndipo hela yako inapofanya kazi. Sensa ya RX100 III ni milimita 13.2 kwa 8.8. Kamera ndogo nyingi za kawaida zina sensa ya takriban milimita 6.2 kwa 4.6, yaani eneo lao ni kama robo. Halafu lenzi: hii inafunguka hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), wakati lenzi inayoanzia f/3.5 inaingiza karibu robo tu ya mwanga huo. Chukua mfano wa mnada chini ya paa, jua halijapanda, mnadi anatupa mkono huku samaki wanapata wenyewe wapya. Ili mkono usifutike unahitaji spidi ya shata (muda ambao mwanga unaingia) ya kama 1/250 ya sekunde. Pale RX100 inapomudu kwa ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 800, ile yenye f/3.5 italazimika kupanda hadi ISO 3200, tena kwenye sensa iliyo ndogo zaidi. Matokeo ni chengachenga, na magamba ya samaki yanageuka uji. (Ukiwa huko, omba ruhusa kwa watu kabla ya kuwapiga, na angalia kamera unaielekeza wapi. Ikulu iko jirani hapo.)

Saa sita mchana Coco Beach tatizo ni kinyume. Kioo cha nyuma cha kamera yoyote kinakuwa cheusi kwa jua letu, unapiga kwa kubahatisha. RX100 III ina kitundu cha kuchungulia kinachochomoza juu ukisukuma kitufe cha ubavuni. Kisha unakivuta kidogo kuja kwenye jicho ndipo unaona sawasawa. Ukikirudisha ndani, kamera inajizima. Si ubovu, imetengenezwa hivyo. Tena shata yake inaishia 1/2000, kwa hiyo ukifungua f/1.8 kwenye jua kali picha itaungua, itajaa weupe. Ndani ya menyu kuna kichujio cha ND kinachopunguza mwanga mara nane. Kiwashe, na utaweza kupiga uso ukiwa wazi na nyuma pamefifia hata adhuhuri.

Kuhusu kuvuta, nisikufiche. Lenzi hiyo ni sawa na ya milimita 24-70 kwenye kamera kubwa ya fremu kamili: mtaa, watu, chakula, sherehe ndogo, vyote inaviweza. Ngalawa iliyokwenda mbali haiifikii, na ndege wa kwenye mikoko ndiyo usahau. Kama roho yako iko huko, tafuta Panasonic TZ100: sensa ukubwa uleule, inavuta 25 hadi 250, ila ukifika mwisho lenzi imebana hadi f/5.9 na jioni utateseka. Kwa picha ulizonitajia, ningebaki na Sony.

Sasa ukaguzi, na hapa usione haya kumchelewesha muuzaji. Nenda na memori kadi yako na tochi ya simu. Washa, kisha vuta na urudishe lenzi mara nyingi huku umeiweka karibu na sikio. Inatakiwa itoe mlio mmoja mwororo. Ukisikia kitu kinasagika, huenda ni mchanga, na lenzi za namna hii zinazotoka na kuingia ndizo zinazofika kwangu mezani kuliko kitu kingine chochote. Mulika tochi kwa ubavu wa lenzi uangalie ndani: vumbi kidogo si neno, lakini nyuzinyuzi zilizotambaa kama utando ni ukungu, hiyo iache. Weka A (unachagua tundu la lenzi mwenyewe), f/11, vuta hadi mwisho, piga ukuta mweupe, kisha kuza picha na uizungukie. Madoa meusi yanayokaa palepale kila ukipiga yapo kwenye sensa, na kwa kamera isiyotoka lenzi kuyaondoa ni lazima ifunguliwe yote. Halafu rudi f/1.8 bila kuvuta, piga ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, umesimama sawa nao. Linganisha pembe nne. Moja ikiwa imefifia kuliko wenzake, huenda kamera hiyo ilishaanguka.

Kuna moja ambayo wengi hawaijui. Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani kwa kawaida zina lugha moja tu kwenye menyu, Kijapani, na mipangilio ya kawaida haikupi njia ya kubadilisha. Fungua sehemu ya lugha kabla ya kulipa. Muuzaji akisema "itabadilika ukifika nyumbani", mwambie aibadilishe mbele yako.

Ikipita vyote hivyo, anza kuvutana bei. Ni kamera iliyotoka mwaka 2014, kioo chake hakiguswi, na haina mahali pa kuchomeka maikrofoni. Sababu za kumshusha hadi milioni moja unazo. Dai risiti ya EFD yenye namba ya kamera, na mkubaliane siku za kurudisha.

Chenchi itakayobaki usiimalize kwenye pochi ya urembo. Nunua boksi la plastiki linalofunga kabisa, utie vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kamera ilale humo badala ya kabatini. Ufukweni ikae ndani ya mfuko kila usipopiga, na usiku futa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukitoka ofisi yenye AC, iache ndani ya begi ipate joto kwanza, la sivyo lenzi itajaa mvuke. Kisha betri ya pili, NP-BX1, maana moja inakadiriwa kupiga picha 320 na ikiwa imezeeka hufiki huko. Kwa bahati betri hiyo inaingia RX100 zote hadi ya saba, kwa hiyo haiadimiki. Tatizo ni feki: inavimba, inakwama ndani, na kuitoa ni kazi ya bisibisi. Ichomeke na kuichomoa hapohapo dukani, na kama inabana hata kidogo, mrudishie.